Tuongee na Mabinti Zetu Kabla Wengine Hawajaongea Nao

 

Kila mwaka tunachangia madawati na mabati. Leo tunaomba kuwasemea wanaokalia madawati hayo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 wamewahi kupata ujauzito. Utafiti wa 2015/16 ulionyesha 27. Tumepiga hatua, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Njia wanayopitia tunaijua. Binti anafaulu, shule iko mbali na kijiji, anapangiwa chumba mjini, Lizaboni au Mfaranyaki. Mzazi anamwachia unga na maharage, anarudi shamba. Unga ukiisha, yupo wa kumpa lifti ya bodaboda na chipsi. Mimba ikiingia tunasema mtoto ana tabia mbaya, wakati hakuna aliyemweleza lolote.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na wenyewe: bibi na shangazi. Siku hizi shangazi yuko Kariakoo, mzazi anamwachia mwalimu, mwalimu anamwachia mzazi. Kinachobaki kusema ni simu.

Kumfundisha si kumruhusu. Ajue kusubiri ndiyo kinga ya uhakika, na kwamba mimba yaweza kuingia hata mara ya kwanza. Ajue kondomu hukinga mimba na magonjwa, ila vidonge, sindano, vipandikizi na kitanzi hukinga mimba tu, si VVU. Akibakwa, afikishwe hospitali mapema, kabla saa 72 hazijapita, apate dawa za kuzuia VVU na mimba.

Wavulana nao wafundishwe. Kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30. Lakini kesi hufa pale wazee wanapokaa wakamalizana kwa fedha na mbuzi. Tukila mbuzi huyo, tumemuuza binti yetu.

Na aliyekwisha kujifungua asifungiwe jikoni. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu arudi shuleni. Anachohitaji ni mtu wa kumlelea mtoto na wa kumlipia daftari.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu tunaomba iende kwenye mambo matatu: bweni la wasichana, taulo za kike, na semina za wauguzi kwa wanafunzi pamoja na wazazi wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Toeni mlicho nacho, na mkifika nyumbani, kila mmoja akae na mwanawe aongee naye.