Kazi ya Kutafuta Mabomba na Nyaya Zilizofukiwa, na Mabinti Zetu Wawili
(Maneno ya Kamati ya Mikopo siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Sisi wa Kamati ya Mikopo tumepewa dakika ishirini, nasi tumeombwa tusisome mahesabu kwa kuwa Mweka Hazina ameshayasoma. Tunashukuru, maana pilau linanukia nyuma ya ukumbi na mahesabu hayasikiki na njaa. Tutaeleza jambo moja tu.

Mwezi uliopita tuliletewa maombi mawili ya mkopo yasiyofanana na ya siku zote. Si ya mtaji wa vitenge, si ya jokofu la samaki, wala si ya bati. Mabinti wawili, watoto wa wanachama wenzetu, wanaomba kukopeshwa ada ili wajifunze kazi ya kutafuta mabomba na nyaya zilizofukiwa ardhini. Kikaoni palikuwa na minong'ono. Mmoja akauliza waziwazi, "Jamani, mtu analipwa kutafuta bomba? Si aliyelifukia ndiye anayejua lilipo?"

Swali zuri, na ndilo lililotufanya tuulizeulize kwa mwezi mzima. Aliyelifukia alijua siku ile alipolifukia. Baadaye alistaafu, au alihamishwa. Ramani aliyoichora inaonyesha bomba lipo mita mbili kutoka ukingo wa barabara, lakini barabara yenyewe ilipanuliwa na ukingo ule haupo tena. Mwingine alikuta mwamba njiani akapinda kushoto, na kule kupinda hakukuandikwa popote. Ndiyo maana mafundi wanaoijua kazi hii hawaiamini ramani peke yake. Wanaisoma kwanza, kisha wanakwenda kuiuliza ardhi.

Na ardhi ya jiji letu la Dar es Salaam imejaa. Chini kuna mabomba ya maji ya zamani ya chuma na mapya ya plastiki, kuna maji taka, na katikati ya mji kuna nyaya za umeme. Gesi ya Songo Songo ilianza kutumika hapa mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara likazinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika, na tangu hapo tumeona mitaro ya mkongo ikichimbwa mtaa kwa mtaa, huyu akifukia leo na mwenzake akifukua kesho. Kila anayechimba anapita juu ya mali ya mtu mwingine, na mara nyingi haioni.

Hapa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wote mnakumbuka wiki ile kijiko cha mkandarasi mmoja kilipokata bomba la maji pale mtaani kwetu. Hatumtaji, na haitusaidii kumtaja. Maji yalitiririka barabarani siku nzima kama mto, halafu tukakaa siku tano bila tone. Mama lishe wetu walinunua maji kwa ndoo. Wa saluni walifunga. Ukifungua kitabu cha marejesho cha wiki ile utaona mapengo, na faini tulizisamehe kwa sababu kosa halikuwa lao. Kwa hiyo akina mama, tukisema bomba lililokatwa linaingia mpaka kwenye sanduku letu lenye kufuli tatu, hatutii chumvi.

Na hilo lilikuwa bomba la maji tu. Huko Korea Kusini, katika jiji la Daegu, tarehe 28 Aprili 1995 wachimbaji kwenye eneo la ujenzi walitoboa bomba la gesi. Gesi ikaenda ikajaa palipokuwa panajengwa reli ya chini ya ardhi, ikalipuka asubuhi wakati watu wanakwenda kazini na watoto wanakwenda shule. Walikufa watu 101, na wengi walikuwa wanafunzi. Ubelgiji nako, pale Ghislenghien, Julai 2004, bomba la gesi lililokuwa limeumizwa wakati wa ujenzi lilipasuka, wakafa watu 24. Hawa hawakuuawa na tetemeko wala mafuriko. Bomba lilikuwepo pale pale miaka yote.

Sasa hiyo kazi inafanywaje? Tulimwomba fundi mmoja wa kike aje atueleze, na alituchorea sakafuni kwa chaki. Mashine ya kawaida ina vipande viwili. Kimoja ni kitoa mawimbi, chenye ukubwa kama wa redio ya betri. Cha pili ni kipokezi, mnakishika mkononi kama fimbo na kutembea nacho. Fundi anaunganisha kitoa mawimbi kwenye bomba la chuma mahali linapoonekana, tuseme kwenye koki, na waya wa pili anaufunga kwenye msumari wa ethi uliochomekwa ardhini. Mawimbi yanasafiri ndani ya chuma, na kipokezi kinalia juu yake. Kinapolia kwa nguvu kabisa, chini ya hapo ndipo bomba lilipo. Kwenye waya wa umeme wenye moto hakuna kuunganisha hivyo, tafadhali! Hapo anatumia kibanio cha duara kinachoukumbatia waya kwa nje bila kugusa shaba yake, na kwa ruhusa ya wenye umeme.

Mkisikia hivyo mtasema basi ni rahisi, nunua mashine utembee. Hapana. Yule fundi alitukatiza hapo hapo. Alisema mashine haioni bomba, inasikia mawimbi, na mawimbi yana tabia zake. Ukiweka masafa ya juu, mathalani kilohezi 33 au 65, yanaruka kutoka bomba lako kwenda kwenye waya wa jirani, na kipokezi kitakulilia juu ya kitu ambacho hukukitafuta. Ukiweka ya chini, kama hezi 512, yanatulia kwenye njia yake na kwenda mbali, lakini kiungo chenye kutu au mpira kinayazuia. Kuchagua ni ujuzi, na ujuzi huo haumo ndani ya boksi la mashine.

Kisha kuna ukimya. Waya wenye umeme unaopita unanguruma wenyewe, hezi 50, na kipokezi kinausikia hata bila kitoa mawimbi. Lakini waya ambao kwa saa ile hakuna anayeutumia unaweza kukaa kimya kabisa, na bado una moto wa kuua. Mwanafunzi asiyefundishwa anasema, "Hapa hakuna kitu, chimbeni." Aliyefundishwa anasema, "Hapa sijasikia kitu," na hayo ni maneno mawili tofauti.

Bomba la plastiki ndilo linalowatoa jasho, maana plastiki haibebi mawimbi hata kidogo. Kama aliyelifukia alilaza waya mwembamba juu yake, sawa, unaufuata waya. Kama hakulaza, wanasukuma ndani ya bomba kifaa kidogo chenye kutoa mawimbi na kukifuata kwa juu. Au wanatumia rada ya ardhini, ile inayosukumwa kama kigari cha mtoto. Rada hupeleka mawimbi chini yakarudi, na kwenye kioo chake bomba huonekana kama tao la mlango. Ni kifaa kizuri, ila udongo wa mfinyanzi na ardhi yenye maji ya chumvi humeza mawimbi yake, nasi watu wa pwani ardhi hiyo tunaijua. Mkongo nao ni kioo ndani ya plastiki. Usipokuwa na chuma wala waya wa kufuatia, kipokezi kinapita juu yake kama hakipo.

Jambo lililotugusa kuliko yote ni namna wanavyofundishwa kujishuku. Mashine ikisema bomba lipo kina cha mita moja, fundi hasadiki. Anainua kipokezi nusu mita juu na kupima tena. Kama sasa hakisemi mita moja na nusu, kuna kitu kinadanganya, pengine waya mwingine uko karibu. Na akishamaliza yote hayo, bado shimo la kwanza linachimbwa kwa mkono, taratibu, mpaka bomba lionekane kwa macho. Mwongozo wa usalama wa Uingereza unasema vivyo hivyo: panga kwanza, tafuta na kuweka alama, ndipo uchimbe kwa uangalifu. Ujana wetu wote tulifundishwa kwamba mwenye kazi ni yule asemaye "naweza". Hapa mwenye kazi ni yule anayethubutu kumwambia msimamizi, dereva wa kijiko akiwa ameshawasha injini, "Bado. Sina hakika."

Hapo ndipo sisi kamati tuliposema mabinti hawa wanafaa. Mnawajua. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akihesabu hisa za mama yake akiwa darasa la tano, na akikuta shilingi mia imepungua halali.

Wenzetu wa nje wameiweka kazi hii kwenye utaratibu. Marekani, tangu mwaka 2007, anayetaka kuchimba hata shimo la mti hupiga simu namba 811 siku chache kabla, na wenye mabomba hutuma watu wao kuweka alama bila kumtoza. Alama zina rangi: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, rangi ya chungwa ni simu na mawasiliano, bluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji taka, na nyeupe ni pale mtu anapotaka kuchimba. Huko makampuni huchukua kijana mwenye cheti cha sekondari na leseni ya udereva, wakamfundisha darasani na kumtembeza na fundi mzoefu kwa wiki kadhaa kabla ya kumwachia gari. Kwetu mkandarasi anayejali anazunguka mwenyewe ofisi ya maji, ya umeme na za simu akiomba ramani, kisha anamtafuta mtu mwenye kifaa.

Kwa hiyo njia ya mabinti zetu inapitia milango ya jirani. Mmoja anataka kuanza na ufundi umeme VETA. Mwingine ameelekea kwenye upimaji, maana bomba likishapatikana lazima liwekwe kwenye ramani, la sivyo mwakani litatafutwa upya. Chuo cha Maji pale Ubungo nacho hufundisha mambo ya mabomba, na huko kusikiliza maji yanayovuja chini ya ardhi ni ndugu wa kazi hii. Baada ya hapo ndipo yanakuja mafunzo mafupi ya mashine yenyewe, na kukaa chini ya fundi. Hilo la mwisho tunalisisitiza. Cheti bila miezi ya kutembea juani na mzoefu hakitoshi, na mkandarasi mwenye akili hataajiri cheti.

Kuna waliouliza kama ni kazi ya mwanamke. Kizibao kinachong'aa, kofia ngumu, viatu vizito, jua, vumbi, na wanaume wa saiti wenye maneno yao. Ni kweli yote hayo yapo, hatuwadanganyi. Lakini kipokezi kina uzito mdogo kuliko ndoo ya maji mnayobeba kichwani kila asubuhi, na yule fundi aliyekuja kwetu alisema maneno ya saiti huisha siku ya kwanza alama yake inapotoka sawa.

Sasa tuje kwenye fedha. Wazazi walipendekeza tuwakopeshe mabinti wanunue mashine moja kwa pamoja, waanze mara moja. Kamati imekataa. Kipokezi na kitoa mawimbi vizuri vinagharimu maelfu ya dola, na rada inapita dola elfu kumi. Fedha hiyo ni ya sisi sote, na mashine mikononi mwa asiyejua ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu mchimbaji ataiamini. Ada tutakopesha. Mashine wataitumia ya mwajiri.

Mapendekezo yetu ni kwamba mkopo ulipwe chuoni moja kwa moja, kwa awamu, usipitie mkono wa mzazi wala wa binti. Marejesho yaanze miezi mitatu baada ya kupata kazi, au mwaka mmoja baada ya kumaliza, lolote litakalotangulia. Riba iwe nusu ya ile ya biashara. Wadhamini wawe watatu, na mama mzazi asiwe mmojawapo. Baadhi yenu mtaona masharti haya ni makali, na mna haki ya kuyapinga. Kura itapigwa kwenye mkutano wa Jumamosi ijayo, saa nane mchana, na fomu za udhamini ziko kwa Katibu.

Baada ya chakula yule fundi atatuonyesha mashine yake nyuma ya ukumbi, kwenye bomba la maji la jengo hili. Mlinzi anasema linapita chini ya mwembe, mwenye ukumbi anasema linapita kando ya choo. Njooni muone, ila msimfuate kwa karibu sana na simu zenu mkononi, maana amesema zinaweza kukichanganya kipokezi.