Besi Lililobanduka Rangi Bado Linapiga

Nawasalimu nyote: wa hapa Kigali, wa Goma na Bukavu, wa Bujumbura, wa Kampala, na ndugu zetu waliovuka Rusumo kutoka Tanzania. Nimepewa nafasi ya kusema na vikundi vya sifa, na nataka tuongee juu ya gitaa la besi.

Besi zetu nyingi tumezinunua zikiwa zimetumika. Zinapanda basi, zinashushwa mpakani, zinalaliwa na masanduku. Basi rangi inabanduka pembeni. Kijana anaona aibu, anajificha nyuma ya spika, na kamati inaanza kuongea habari ya besi jipya. Ndugu zangu, sauti ya besi la umeme inatoka kwenye nyuzi na zile sumaku zilizo chini yake. Rangi ikibanduka, haipotei noti hata moja. Hiyo fedha ina kazi: kuna ada za shule za watoto wetu, kuna nauli za wageni.

Lakini pengo lisiachwe hivyo hivyo. Ukingo wake unakwaruza mkono, unanasa nguo, na kila safari unabanduka zaidi. Mbao iliyo wazi inakunywa unyevu, na mvua ya Kigali ya Machi hadi Mei mnaijua.

Kwanza, pima. Tazama pale shingo inapoungana na mwili. Kama kuna ufa unaofunguka ukikaza nyuzi, hapo mbao yenyewe imepasuka. Peleka kwa fundi.

Pili, ijue rangi. Weka tone la asetoni, yale maji ya kufutia rangi ya kucha, kwenye pamba, uguse mahali pasipoonekana. Rangi ikianza kunata, simama hapo, mwachie fundi. Isipobadilika, endelea.

Rangi ya kuziba usiitafute mbali. Fender wa Marekani, waliotoa besi la Precision mwaka 1951, walipaka magitaa yao mengi kwa rangi za magari. Kwa hiyo fundi wa rangi za magari anaweza kukuchanganyia kidogo. Hata rangi ya kucha inatosha. Nenda na besi lenyewe, ulinganishe juani.

Sasa kazi. Funika sumaku kwa selotepu ya karatasi. Toa vipande vinavyocheza, futa vumbi na jasho, acha pakauke kabisa. Paka rangi kwa kijiti cha meno, safu nyembamba, kila safu ikauke kabla ya nyingine. Kesho yake dondosha supagluu isiyo na rangi, tone kwa tone, mpaka ipite kidogo usawa wa rangi ya zamani. Fungua dirisha, watoto wakae mbali, usiiguse kwa kidole. Ilaze usiku mzima.

Halafu chukua wembe, ufunge selotepu ncha zote mbili, katikati pabaki wazi, ukwangue taratibu kile kilima tu. Malizia na msasa wa maji, namba 1000, kisha 1500, kisha 2000. Maji yawe kidogo, yasiingie kwenye matundu ya skrubu. Mwisho sugua kwa polishi ya magari na kitambaa laini.

Tafadhali, msipulize besi zima kwa rangi ya kopo. Inaingia kwenye swichi na kwenye kikao cha shingo, na shingo haikai tena sawasawa. Hapo ndipo mtanunua jipya kweli.

Je, alama itaonekana? Ukisogea karibu, ndiyo. Lakini mkono utapita bila kukwaruzwa, mbao imefungwa, na kijana wetu atoke nyuma ya spika asimame na wenzake.