Amplifaya Isiyotulia na Mshahara wa Fundi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wa redio na vipaza sauti, Adams Arcade, Nairobi)



Tumekutana hapa kando ya Ngong Road kwa jambo linalogusa mifuko yetu. Fundi anaunda amplifaya ya kanisa. Mezani inaimba vizuri. Ikifungiwa waya mrefu wa spika, transista zinachemka na kuungua, wala hakuna aliyesikia kelele. Tajiri anasema, "Fundi, utalipa." Je, tumjibu nini?

Kwanza tuujue ugonjwa. Mwaka 1927 Harold Black, mhandisi wa Bell Labs huko Marekani, alibuni njia ya kurudisha sehemu ya umeme unaotoka ili ipingane na ule unaoingia, na makosa ya amplifaya yapungue. Njia hiyo tunaitumia hata leo. Lakini umeme hukawia kidogo katika kila hatua ya saketi, na mawimbi yakienda mbio zaidi, kukawia nako huzidi. Kukifika nyuzi 180, kilichokuwa kikipinga sasa kinasaidia. Ikiwa hapo nguvu ya mzunguko haijashuka chini ya moja, amplifaya hujipigia filimbi yenyewe. Harry Nyquist alieleza jambo hili mwaka 1932. Filimbi hiyo yaweza kupita kabisa kiwango cha sikio, lakini transista haisamehe. Waya mrefu huongeza kukawia huko.

Dawa ipo. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa programu iitwayo SPICE, ya kujaribu saketi ndani ya kompyuta. Leo watoto wake, kama LTspice na ngspice, hupatikana bure. Tunachora saketi, kisha tunatazama mahali nguvu ya mzunguko inapofika moja: zimebaki nyuzi ngapi kabla ya 180? Zikibaki 60, tuna nafasi nzuri. Zikibaki 20, tuko hatarini. Halafu tunaweka kapasita ndogo sambamba na spika ya omu 8, iwe badala ya waya mrefu, na kupitisha wimbi la pembe nne. Kona zake zikitetemeka sana, tunabadili kapasita ya kutuliza, pengine kutoka pikofaradi 47 hadi 100, na kutazama tena. Kubadili namba hakuli hata senti moja. Kubadili transista kunakula unga wa watoto.

Lakini tusidanganyike. Kompyuta haijui tusiyoiambia. Haijui transista bandia wala waya wa ardhi uliopitishwa vibaya. Kwa hiyo amplifaya mpya iwashwe kwanza kupitia balbu, na ipimwe kwa osiloskopu kabla ya kufungiwa spika.

Sasa turudi kwa tajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, ndugu zangu! Basi mchoro na vipimo vyetu tuvichape, tuviandike tarehe na tuvihifadhi. Fundi mwenye karatasi mkononi ana la kusema. Asiye nayo hubaki akiapa tu.

Tunashauri mafundi wa sehemu hii wachange kununua kompyuta moja, na kila mmoja apate zamu yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Umoja ni nguvu.