Gari la Zamani Linapogoma Kuwaka

Corolla ya mwaka 1998 imelala nje, asubuhi unazungusha ufunguo, inagoma. Usikimbilie kununua betri. Sikiliza kwanza.

Ukisikia tik-tik-tik mfululizo huku taa za dashibodi zikififia, umeme hautoshi. Fungua boneti, tazama vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kupita. Legeza waya wa hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto na brashi, kausha, kaza; hasi irudi mwisho. Kisha pima. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, jenereta haichaji, na betri mpya nayo itakufa vilevile. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha.

Tik moja nzito, kisha kimya? Shuku stata, huenda kaboni zake zimekwisha.

Kimya kabisa, na gari ni otomatiki? Kanyaga breki, weka gia N, jaribu tena.

Injini ikizunguka vizuri bila kushika, fundi atoe plagi. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika, kwa hiyo tafuta hitilafu kwenye moto. Ikitoka kavu, kagua filta na pampu.

Na wale vijana wa kusukuma? Waite kwa gari la manyuali tu. La otomatiki halishtuliwi kwa kusukumwa. Tafuta waya za kuazima umeme kwa jirani.