Kupanga Kazi Wakati Mali Ni Haba
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ikinga)



Katika mkutano uliopita twalikata shauri kutengeneza njia, kuchimba kisima na kujenga chumba cha kusomea, vyote kabla ya mvua. Na fedha yetu haitoshi kazi mbili. Kwa hiyo tutazame mifano miwili.

Mwaka 1946 wajumbe wa Serikali ya Uingereza walizunguka Afrika ya Mashariki kwa majuma tisa tu, wakashauri karanga zilimwe Tanganyika. Ilipangwa kwamba eka 150,000 zilimwe katika mwaka 1947, na kazi ikaanzia Kongwa. Lakini matrekta yalikuwa makuukuu, bandari na reli zikalemewa na mizigo, mvua haikutabirika, na udongo ukakauka ukawa kama jiwe. Zilipandwa eka 7,500 hivi. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 hivi zilikwisha potea.

Sasa tazameni reli ya TAZARA ipitayo Vwawa na Tunduma. Kweli, fedha yake ilikuwa mkopo mkubwa wa China, wala si haba kama yetu. Lakini taratibu yake yatufaa. Upimaji ulianza 1968, ujenzi 1970. Walitangulia kujenga toka Dar es Salaam hata Mlimba, wakamaliza mwaka 1971; ndipo reli hiyo iliyokwisha ikachukua mizigo ya kazi ngumu kuliko zote, ya kupanda milima hata Makambako. Agosti 1973 ikafika Tunduma, na mwaka 1975 ikafika Kapiri Mposhi.

Wenzangu, tofauti ni hii: wa kwanza walihesabu mavuno kabla ya kuujua udongo, wa pili waliifanya kazi iliyokwisha iwe mbeba mizigo wa kazi ifuatayo.

Basi rai yangu: tupime kwanza. Kisha tutengeneze njia, maana ndiyo itakayopitisha mawe na saruji ya kisima. Sehemu ya fedha na siku tuziweke akiba, kwa kuwa mvua haina mkataba na mtu. Chumba cha kusomea, nikipendacho kuliko wengi wenu, kingoje mwaka ujao.

Mshika mbili moja humponyoka. Sisi tumeshika tatu. Mwenye rai iliyo bora na aseme, tumsikilize.