Lutuku iivishe sombe: maneno yetu kwa vijana wa Salamabila



Leo hatuongelei barabara. Tunaongelea mbabula. Hapa kwetu tunapikia makala ao kuni, na kila mwaka miti inazidi kuwa mbali. Moshi, huo hauendi mbali: unabaki machoni na kifuani mwa mama.

Huko Ulaya watu wanaweka sebuleni moto wa etanoli, bila bomba la moshi, bila majivu. Wao ni kwa uzuri wa nyumba tu. Sisi tunatafuta pa kuivishia sombe.

Etanoli ni nini? Ni ile pombe yenyewe iliyo ndani ya lutuku. Muhogo, mahindi ao miwa inachachuka, halafu inachemshwa. Pombe inageuka mvuke kwa digrii 78, mbele ya maji. Ikiwaka vizuri inatoa joto, mvuke wa maji na hewa ya kaboni, ile ambayo mmea uliivuta shambani. Masizi ni kidogo sana.

Lakini tusidanganyane. Lutuku ya mtaani ina maji mengi; jiko linataka pombe ya 90 kwa 100 ao zaidi. Na kama tunakata miti ili kuchemsha pipa, tumeokoa nini? Afadhali tuchemshe kwa maganda ya mpunga ao makapi ya miwa. Tena muhogo wa kula usiguswe.

Kenya walijaribu. Familia zaidi ya milioni moja zilinunua majiko, zikawa zinajaza etanoli kwenye mashine dukani, kidogo kidogo kadiri ya mfuko. Bei ilishushwa kwa pesa za kaboni toka nje. Ruhusa ya serikali ya kuziuza ilipokosekana, kampuni ikafunga mwanzoni mwa 2026. Wamama wakarudia makala. Ndiyo maana hatutaki jiko la kungojea pesa ya mbali.

Na mulinde watoto: moto wa etanoli mchana hauonekani vizuri. Usiongeze pombe jiko likiwa bado na moto. Dirisha liwe wazi.

Viongozi wa teritware tunawaomba fundi na mtungi mmoja wa kujaribia, basi. Sisi tunaanza Jumamosi: kila mtaa ulete mpishi mmoja wa lutuku, tupime lita moja inakula kuni ngapi.