GANZI YA MIGUU NA MIKONO ISIDHARAULIWE

Mazungumzo kuhusu maradhi ya mishipa ya fahamu, kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara

Yapo maradhi ambayo wengi wetu hatuyahesabu kuwa ni maradhi. Mtu akishikwa na ganzi nyayoni, au akikosa nguvu ya kushika jembe, husema ni uzee au baridi. Jirani naye husema amerogwa. Katika wilaya hizi, ambazo wakazi wake wengi ni wakulima na wafugaji, miguu na mikono ndiyo mtaji wa kaya. Hatuna budi kuyafahamu maradhi haya mapema, kwani mshipa wa fahamu uliokwisha kuharibika sana mara nyingi haurejei hali yake ya awali.

Maana na dalili zake

Ubongo na uti wa mgongo hutoa amri na kupokea habari kwa njia ya mishipa ya fahamu iliyoenea hadi kwenye misuli, ngozi na viungo vya ndani. Mishipa hiyo ikidhurika, amri hazifiki na habari hazirudi. Katika aina nyingi za maradhi haya, mishipa mirefu ndiyo hutangulia kuumia. Kwa sababu hiyo ganzi huanzia vidoleni mwa miguu, hupanda kama soksi, kisha huingia mikononi.

Mgonjwa huhisi kuchomwachomwa, moto nyayoni hasa usiku, au kama anayekanyaga pamba. Wengine huangusha vyombo, hujikwaa, au hupepesuka gizani. Mtu wa namna hiyo asiitwe mlevi wala mvivu kabla hajapimwa.

Ipo hatari moja ambayo haina budi kutiliwa mkazo. Maumivu yakiisha, mgonjwa hudhani amepona, kumbe mguu umeacha kuuma kwa sababu umeacha kuhisi. Katika nyanda za juu za Mbulu, nyakati za baridi, watu huota moto jikoni. Mguu usiohisi huungua bila mwenyewe kujua. Vivyo hivyo mwiba au kijiwe ndani ya kiatu hufanya kidonda, kidonda huoza, na mwisho wake huwa ni kukatwa mguu.

Sababu zake

Kisukari ni miongoni mwa sababu kubwa duniani. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi hudhuru mishipa ya fahamu, na wapo wanaogundua kuwa wana kisukari baada ya kupata kidonda.

Sababu ya pili ni ukoma. Tanzania ilifikia lengo la kimataifa la kupunguza ukoma kitaifa mwaka 2006, lakini wagonjwa wapya wangali wakipatikana nchini. Baka kwenye ngozi lisilohisi mguso lipelekwe kwa mganga wa kituo bila kuchelewa.

Sababu nyingine ni pombe nyingi, upungufu wa vitamini B1 na B12, virusi vya UKIMWI, na baadhi ya dawa. Isoniazidi inayotibu kifua kikuu inaweza kuleta ganzi, na kinga yake ni vitamini B6. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake, amweleze mganga. Aidha, wanaonyunyizia mazao dawa za wadudu wajikinge, kwani baadhi ya sumu hizo hudhuru mishipa.

Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache tu ni jambo la dharura. Maradhi ya aina hiyo yanaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Uchunguzi na tiba

Uchunguzi wa mwanzo hauhitaji mashine kubwa. Mganga huuliza historia ya mgonjwa, hugusa nyayo kwa uzi maalumu wa nailoni, hupima mtetemo kwa uma wa chuma, na hugonga goti na kifundo kwa nyundo ndogo. Kisha hupima sukari, virusi vya UKIMWI na upungufu wa damu. Anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa, ikiwamo kwenda Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, inayotoa huduma tangu mwaka 1955.

Tiba hufuata sababu. Kisukari hudhibitiwa, vitamini iliyopungua hurudishwa, pombe huachwa. Ukoma hutibiwa bila malipo kwa dawa mseto za miezi 6 au 12, na mishipa iliyovimba hupewa dawa ya kupunguza uvimbe. Kwa maumivu ya mishipa, dawa za kawaida za kutuliza mara nyingi hazisaidii. Mganga anaweza kutoa amitriptilini kwa kipimo kidogo. Dawa hiyo isinunuliwe ovyo.

Wajibu wetu

Mwenye ganzi akague nyayo zake kila jioni. Asiyeweza kuinama akaguliwe na mtu wa nyumbani. Asitembee pekupeku. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa, na apime joto la maji kwa kiwiko, au mwingine ampimie. Akae mbali na moto.

Wakuu wa kazi wawape ruhusa watumishi wenye dalili hizi kwenda kupimwa. Walimu na watendaji wa vijiji wawaeleze wananchi kwamba ganzi isiyokwisha ni sababu tosha ya kwenda zahanati, hata kama hakuna maumivu.

Ndugu wananchi, nauli ya kwenda kupima ni ndogo kuliko gharama ya kuishi bila mguu. Usingoje uume.